Anayeshinda Mita 100 Ni Anayechelewa Kupungua

Tarehe 18 Septemba 2021, katika uwanja wa Kasarani jijini Nairobi, Ferdinand Omanyala alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77. Aliyemtangulia ni mmoja tu, Mmarekani Trayvon Bromell, aliyetumia 9.76. Rekodi ya Afrika, ambayo Akani Simbine wa Afrika Kusini alikuwa ameiweka kwa 9.84 miezi michache tu nyuma, ikahamia Kenya. Nchi iliyozoea kushangilia mbio za kilomita 42 ikajikuta inashangilia mbio zinazokwisha mtazamaji akiwa bado anafungua chupa yake ya soda.

Wengi huamini kwamba mshindi wa mbio hizi ni yule anayezidi kuongeza kasi hadi kwenye utepe. Macho hutudanganya. Chukua mbio zenyewe za rekodi ya dunia, Berlin mwaka 2009, Usain Bolt alipotumia sekunde 9.58. Mita kumi za kwanza zilimchukua sekunde 1.89, kwa sababu alikuwa ndiyo kwanza anaondoka kwenye vibao. Kati ya mita ya 60 na ya 70 alitumia sekunde 0.81 tu, yaani kasi ya kilomita 44 kwa saa. Kumi za mwisho zilimchukua 0.83. Hata yeye, basi, alikuwa anapungua. Wenzake walipungua zaidi, nasi tukamwona kama anayewaacha.

Sababu imo ndani ya misuli. Nguvu ya mlipuko wa kwanza hutoka kwenye akiba ya kemikali iitwayo fosfokreatini, na akiba hiyo hutosha sekunde chache tu. Pamoja na hayo, ubongo unapaswa kuamuru misuli ikaze na kulegea zaidi ya mara nne kwa kila sekunde, bila kukosea. Amri zikianza kuchelewa, mguu hukaa ardhini muda mrefu kidogo kuliko unavyotakiwa, na kasi huanza kuvuja.

Ndiyo maana mazoezi ya mkimbiaji wa mbio fupi humshangaza aliyelelewa na simulizi za Iten, ambako wakimbiaji wa marathoni hutimua vumbi kilomita nyingi kila wiki. Wa mbio fupi hukimbia mita 60 kwa nguvu zote, kisha huketi. Makocha wengi huhesabu takriban dakika moja ya kupumzika kwa kila mita kumi za kasi kamili. Mpita njia humwona mvivu, kumbe anasubiri akiba ijae. Akirudi mapema mno atafanya mazoezi ya uchovu badala ya mazoezi ya kasi, na hapo ndipo misuli ya nyuma ya paja huchanika.

Taaluma yenyewe hufuata mkondo huohuo wa kupanda na kupungua. Omanyala alianzia kwenye raga, akaingia mbio akiwa kijana wa miaka ishirini hivi. Mwaka 2017 alifungiwa miezi 14 baada ya kupatikana na betamethasoni, dawa aliyosema alipewa hospitalini kutibu mgongo. Alirudi, akafika nusu fainali ya Olimpiki ya Tokyo kwa sekunde 10.00. Mwaka 2022 alitwaa ubingwa wa Afrika, kisha dhahabu ya Jumuiya ya Madola mjini Birmingham, miaka 60 baada ya Seraphino Antao wa Mombasa kushinda mbio za yadi 100 kule Perth. Mwaka 2023 alikimbia fainali ya dunia Budapest.

Lakini mwaka 2022, pamoja na dhahabu hizo, alifika Marekani kwa mashindano ya dunia saa chache tu kabla ya mchujo, kwa sababu viza ilichelewa, akaishia nusu fainali. Mwaka 2024 alitumia 9.79 Nairobi mwezi Juni, lakini Agosti, Paris, safari yake ikakomea tena nusu fainali. Tofauti hiyo ina maelezo. Hewa ya Nairobi, mji ulio zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ni nyepesi, na wepesi huo unaomkaba mkimbiaji wa masafa humpunguzia upinzani yule wa mbio fupi. Zaidi ya hilo, kasi haiwekwi kabatini ikasubiri siku yake. Mwili hufika kileleni kwa muda mfupi, na kazi ya kocha ni kukifanya kilele hicho kiangukie wiki inayotakiwa.

Kuna pia suala la riziki. Mkimbiaji wa masafa akizeeka huhamia marathoni, na kila wikendi kuna mji fulani duniani unaotoa zawadi. Wa mita 100 hana pa kuhamia. Katika mashindano ya Diamond League nafasi ni chache, na mkataba wa kampuni ya viatu hutegemea muda wake wa mwaka huu, si sifa za mwaka jana. Ndiyo maana ajira ya polisi au jeshi, kama aliyonayo Omanyala katika polisi wa Kenya, ni nguzo ya maisha.

Wapo wanaochelewa kupungua. Mwanariadha Kim Collins alikimbia mita 100 kwa 9.93 akiwa na miaka 40. Shelly-Ann Fraser-Pryce, aliyejifungua mwaka 2017, aliweka muda wake bora, 10.60, akiwa na miaka 34, na mwaka uliofuata akatwaa ubingwa wa dunia wa mita 100 kwa mara ya tano. Kinyume chao, Bolt mbio zake za mwisho, London 2017, zilimkatikia njiani kwa mkazo wa msuli kabla hajatimiza miaka 31.

Siku nyingine ukitazama mita 100, usikodolee macho utepe. Angalia mita ya 80. Atakayepandisha mabega, akakaza taya na kurusha hatua ndefu kuliko zake, huyo ndiye anayepitwa. Mtafute mwenye mashavu yanayotikisika kama ya mtu aliyesinzia kwenye matatu: huyo bado ana kitu mkononi.