Konisi ilivyonitoa jasho siku ya posa ya dada!

Wiki hii sina mapenzi wala disko. Nina dari.

Kisa chenyewe ni hiki. Wakwe watarajiwa wa dada walikuwa waje kwetu Temeke Jumamosi kuleta posa. Sebuleni dari la jipsamu lilishakamilika, ilibaki konisi tu, ule mkanda wa nakshi unaozunguka pale dari linapokutana na ukuta na kuficha ufa. Fundi kala nusu ya hela, Jumatano kazima simu! Mama akanitazama: "Mwanangu, wageni wakae wanahesabu nyufa?" Nikajitosa. Kidato cha nne sikufundishwa ufundi, lakini aibu ni mwalimu mkali.

Kwanza hesabu. Sebule yetu ni mita 4 kwa 3, kuzunguka kote mita 14. Fito za mita 2 zinatosha 7, mimi nikachukua 8 maana kuharibu lazima. Fito hizi ni unga wa jipsamu uliomiminwa kwenye kalibu pamoja na nyuzi za katani. Zibebe kwa ubavu, watu wawili. Ukizilaza zinakatika katikati.

Kosa la kwanza: nilikoroga unga ndoo nzima. Jipsamu ikikutana na maji haikungoji, dakika 20 hivi imeshaganda. Ukiongeza maji haifufuki ng'o! Koroga kidogo kidogo, kiasi cha fito moja.

Kosa la pili: nilibandika juu ya rangi ya mafuta inayong'aa. Saa nane usiku, puu! Fito imetua juu ya kabati la vyombo, glasi mbili za mama kwisha habari. Mama hakusema neno, alichukua ufagio tu. Bwana wee, afadhali angenitukana.

Alhamisi nikamwita mshikaji wangu, tukaanza upya. Tukapiga mistari ya penseli ukutani na darini, tukahakikisha kwa pima maji. Tukakwangua rangi yote kati ya mistari, tukachanjachanja kwa kisu, tukafuta vumbi na kulowesha kidogo. Jipsamu ikapakwa kingo zote mbili za nyuma, tukapandisha, tukabana na kugongea misumari midogo chini yake iishikilie. Ikikauka misumari unang'oa. Iliyofurika pembeni futa hapo hapo kwa brashi mbichi, ikiganda ni msasa hadi usiku.

Sasa kona, hapo ndipo wanaume hulia. Ukuta mmoja unakatwa nyuzi 45, na wa pili nyuzi 45, zikutane. Tatizo fito unaikata ikiwa kichwa chini: ukingo wa darini ndio unaokaa sakafuni mwa kisanduku cha kukatia. Mimi niligeuza, fito nzima ikaenda na maji, ndiyo ile ya nane ikaniokoa. Jaribu kwanza kwa vipande vibovu, kimoja cha kushoto, kimoja cha kulia, viandike kwa penseli.

Ijumaa tukaziba maungio na matundu ya misumari, tukapiga msasa laini, tukafuta vumbi. Rangi ya maji mkono wa kwanza tuliizimua, maana jipsamu kavu inakunywa kama ngamia. Halafu mikono miwili mizito.

Na kama bati linavuja, ziba bati kwanza. Jipsamu na maji ya mvua ni paka na panya.

Jumamosi wageni walikuja, wakala pilau, posa ikapokelewa. Unadhani kuna aliyetazama juu? Hakuna hata mmoja! Mama peke yake, wageni walipoondoka, alikaa kochini akainua macho, akazunguka kona zote nne. "Ile ya mlangoni imepinda," akasema, kisha akacheka.

Glasi nimeshamnunulia nyingine. Ya mlangoni naiacha hivyo hivyo. Tukutane wiki ijayo!