Unga mweusi unaozaa shaba

Oksidi ya shaba ni unga mweusi. Mkaa uliosagwa nao ni mweusi. Vikichanganywa kwenye neli ya kioo, hakuna jicho linaloweza kusema kipi ni kipi. Lakini mchanganyiko huo ukipashwa moto mkali huanza kung'aa kama kaa, na ukishapoa, ndani ya weusi ule hujitokeza chembe zenye rangi ya waya wa umeme uliochunwa.

Hiyo ni shaba. Kaboni ya mkaa imeinyang'anya oksijeni na kuondoka nayo ikiwa gesi ya kaboni dayoksaidi. Gramu 159 za oksidi huhitaji gramu 12 tu za kaboni; hubaki gramu 127 za shaba, na gramu 44 huruka.

Rangi peke yake, hata hivyo, haitoshi kuwa ushahidi. Oksidi ya zinki ni nyeupe. Ikipata moto hugeuka manjano, ikipoa hurudia weupe wake, na hakuna kitu kipya kilichozaliwa. Kwa hiyo mpimaji makini hupasha pia oksidi tupu, ailinganishe na mchanganyiko. Gesi huipitisha kwa mrija kwenye maji ya chokaa: yakiwa kama maziwa, kaboni dayoksaidi imo. Mrija huutoa majini kabla ya kuzima moto, la sivyo maji baridi hunyonywa na kupasua kioo. Shaba nayo huiacha ipoe kwanza, maana ikikutana na hewa ingali ya moto hurudi kuwa oksidi.

Oksidi ya magnesi, hata ikichanganywa na mkaa, haitikisiki kwa moto wa maabara ya shule. Magnesi huing'ang'ania oksijeni kuliko shaba.

Wahunzi wa Buhaya, magharibi mwa Ziwa Viktoria, walipata chuma kwa njia hii hii ya mkaa kupokonya oksijeni. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walieleza katika jarida la Science ufundi wao wa kale. Ndani ya tanuri, mkaa unaokosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, na hiyo ndiyo hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kuipokonya oksidi ya chuma oksijeni yake.

Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na hutoka pia kwenye jiko la mkaa. Katika damu huishika himoglobini kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Aliyelala chumba kilichofungwa huweza asiamke. Jiko litolewe nje kabla ya kulala, hata kama makaa yanaonekana yamefifia.