Kilibula: Wa kwanza kusikia kikohozi ni mwenye famasi

Mtu wa Kilibula akikohoa siku tatu haendi hospitali, anakwenda famasi. Ndivyo ilivyo Uvira nzima, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kuanzia Kavimvira hadi Kalundu. Famasi iko karibu na nyumbani, haina foleni, na mwenye pesa ya vidonge vinne anauziwa vinne. Mji wenyewe umebanwa kati ya milima ya Mitumba na ziwa Tanganyika, magari yanatimua vumbi barabarani, na mvua ikinyesha jiko la makaa linahamishiwa ndani. Mapafu ya watu wa hapa hayapumziki. Aliyesimama nyuma ya kaunta amefundishwa nini kuhusu dawa za kifua? Swali hilo linamhusu kila mama anayefika pale na mtoto mgongoni.

Vyuo vyetu humfundisha mfamasia kuijua dawa: asili yake, kipimo chake, namna ya kuitunza. Kinachopungua ni kumfundisha kuifuata mpaka imfikie mgonjwa kifuani. Hiyo ndiyo kazi ya mfamasia wa kliniki. Anatoka stoo, anaingia wodini pamoja na daktari na muuguzi, anasoma faili, anamuuliza mgonjwa jana alimeza nini na saa ngapi. Mwaka 1966, huko San Francisco, wafamasia wa Chuo Kikuu cha California walipelekwa kukaa ghorofa ya 9 ya hospitali, karibu na vitanda vya wagonjwa, na kutoka hapo mtindo huo ukaenea. Karibu na sisi, Muhimbili mjini Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Nairobi wanatoa shahada ya uzamili katika fani hii. Kwa mgonjwa wa Uvira, Dar es Salaam na Nairobi ni mbali mno.

Pumu inaonyesha vizuri kwa nini mafunzo haya ni ya lazima. Kidonge kimoja cha salbutamol kina miligramu 4. Pampu ya salbutamol inatoa mikrogramu 100 kila ikibonyezwa. Kwa hiyo anayemeza kidonge anapakia mwilini dawa sawa na mibonyezo 40, ikizunguka kwenye damu yote, mikono ikitetemeka na moyo ukienda mbio, wakati ile ya pampu inashuka moja kwa moja kwenye njia ya hewa. Hata hivyo vidonge ndivyo vinavyoulizwa, maana bei ya kidonge ni ndogo na pampu inaogopwa. Wengi wanaamini kuwa ukishaizoea huwezi kuiacha.

Tena pampu yenyewe ikitumiwa vibaya haisaidii kitu. Mgonjwa anapaswa kuitikisa, kutoa pumzi yote, kuibana kwa midomo, kubonyeza huku akianza kuvuta hewa polepole, kisha kuzuia pumzi mpaka ahesabu kumi. Ukimwambia akuonyeshe anavyofanya, mara nyingi utaona anabonyeza kwanza na kuvuta baadaye, na dawa inaishia kwenye ulimi. Kulirekebisha kosa hilo hakuhitaji mashine yoyote. Kunahitaji mtu aliyefundishwa na mwenye dakika tano. Kwa mtoto, Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitako na kuzibwa vizuri pale pampu inapoingia, inafanya kazi sawa na kifaa cha kununua kinachowekwa kati ya pampu na mdomo. Chupa hiyo huoshwa kwa maji ya sabuni na kuachwa ikauke bila kufutwa, kwa sababu kitambaa huiachia umeme unaonasa dawa ukutani mwa chupa. Chupa za namna hiyo zinatupwa Kilibula kila siku.

Jambo jingine ambalo halijafika kaunta nyingi: tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, umeacha kupendekeza salbutamol peke yake kwa watu wazima na vijana. Salbutamol inafungua njia ya hewa kwa saa chache, lakini uvimbe unaoleta shambulio unabaki pale pale. Inayopunguza uvimbe ni beclometasone au budesonide ya kuvuta, na baada ya kuivuta mgonjwa asukutue mdomo ili asiote utando mweupe kinywani.

Nimonia ya mtoto nayo inaanza na saa yenye mshale wa sekunde. Mtoto akiwa ametulia, hanyonyi wala halii, hesabu pumzi zake dakika nzima. Zikifika 50 kwa mwenye miezi 2 hadi 11, au 40 kwa mwenye mwaka 1 hadi 5, anahitaji amoksilini. Kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, lazima aonwe kituoni. Mwenye miezi chini ya 2 asipewe dawa ya dukani, apelekwe haraka. Somo hili lingefundishwa kwa asubuhi moja.

Halafu kifua kikuu (TB). Kongo imo katika orodha zote tatu za Shirika la Afya Duniani za nchi zenye mzigo mkubwa: wa kifua kikuu chenyewe, wa kifua kikuu pamoja na virusi vya UKIMWI, na wa kile sugu kwa dawa. Kaunta ya famasi inaweza kumchelewesha mgonjwa wa kifua kikuu bila mtu yeyote kukusudia. Akiuziwa siprofloksasini kwa kikohozi cha wiki tatu anapata nafuu ya muda, kwa sababu dawa za jamii hiyo zinawagusa vijidudu vya TB, naye anarudi kazini huku akiendelea kuambukiza nyumba yake. Aliyefundishwa anajua kwamba kikohozi cha wiki mbili au zaidi kinataka makohozi yapimwe, na kwamba matibabu ya TB ni bure.

Mgonjwa akishaanza dawa, maswali yanaongezeka. Rifampisini inageuza mkojo kuwa mwekundu kama chungwa, na asiyeambiwa mapema anadhani ni damu, anaacha. Inapunguza nguvu ya vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango. Inaipunguza pia dolutegravir, dawa ya virusi vya UKIMWI, kwa hiyo anayeitumia huongezewa miligramu 50 kila siku, saa 12 baada ya dozi ya kawaida. Isoniazidi inatia ganzi miguuni ikikosekana vitamini B6, na etambutoli inaweza kuharibu macho. Mambo haya yote ni ya mfamasia. Muuguzi mmoja mwenye wagonjwa hamsini hawezi kuyabeba peke yake.

Ng'ambo ya ziwa wana historia ya kujivunia. Mwaka 1977 daktari Karel Styblo alianza na Watanzania mpango wa kitaifa wa kifua kikuu, na utaratibu wa DOTS wa kutibu ugonjwa huo, uliosambaa duniani miaka ya 1990 ulijengwa juu yake. Mwaka 2003, Ruvuma, serikali ya Tanzania ilianzisha maduka ya dawa muhimu: wauzaji waliokuwa wakifanya kazi bila elimu wakafundishwa wiki kadhaa, wakapewa kibali na orodha ya dawa wanazoruhusiwa, wakakaguliwa. Napenda jinsi mpango ule ulivyoanza na watu waliokuwa tayari nyuma ya kaunta. Uvira ingefanya vivyo hivyo, huku wafamasia wachache wenye shahada wakifunzwa wodini katika Hospitali Kuu ya Rufaa na kuwa walimu wa wale wa mitaani.

Vita vimeongeza somo jipya. Bukavu ilipochukuliwa na waasi wa M23 Februari 2025, mji huo na Uvira, iliyokuwa ikitegemeana, ikawa pande mbili za mstari wa mapigano, na Desemba mapigano yakafika Uvira yenyewe. Watu walivuka kwenda Burundi, na miongoni mwa watu wengi kiasi hicho hawakosekani walio katikati ya miezi 6 ya dawa za TB. Mfamasia wa hapa afundishwe kumwandikia mgonjwa karatasi ya kubeba: jina la dawa, tarehe aliyoanza, dozi zilizobaki, matokeo ya makohozi. Tena aketi na wakuu wa zone ya afya wanapoandika oda ya dawa, kwa sababu kumfundisha mtu kutumia beclometasone ambayo haimo stoo ni kumpotezea muda.