Gobori Kuukuu Husema Habari Zake

Magobori mengi yaliyoshushwa Unguja katika karne ya 19 hayakuwa mapya. Majeshi ya Ulaya yalipopata bunduki zinazotiwa risasi kwa nyuma, yale ya kushindiliwa mdomoni yaliuzwa, yakaletwa pwani hii. Sheikh Mbaruku bin Rashid wa Gazi alipopigana na Waingereza, ngome yake ya Mwele ilitekwa Agosti 1895, naye Aprili 1896 akavuka mpaka akajisalimisha kwa Wajerumani. Basi si ajabu mwenye gobori huko Gazi au Msambweni akidai kwamba lilipiga Mwele. Bunduki yenyewe ndiyo iulizwe.

Swali la kwanza ni kama imeshindiliwa, kwa maana baruti iliyokaa kavu ndani ya kasiba yaweza kuwaka hata baada ya miaka mia. Kijiti cha mti hutiwa mdomoni taratibu, uso ukiwa kando, kikatiwa alama kinapokoma; kisha hulazwa juu ya kasiba kwa nje. Kisipofika penye kitundu cha moto, mna kitu ndani. Pengine ni kutu tu au udongo wa nyigu, lakini ihesabiwe kuwa baruti, wala mtu asijaribu kuichokoa.

Kitundu hicho nacho kina habari. Kikiwa kidogo na kingo zake nzima, bunduki haikupigwa sana. Kikipanuka na kulika, moto umepita humo mara nyingi. Tako lililolainika kwa mikono pamoja na kitundu kizima ni dalili ya bunduki iliyotisha watu zaidi ya kuwapiga. Matundu yaliyozibwa kwenye bamba la mtambo huonyesha kwamba ilikuwa ya gumegume, ikageuzwa iwe ya fataki.

Herufi ELG ni alama ya wakaguzi wa Liège, Ubelgiji; zikiwa na taji juu yake, bunduki ilikaguliwa mwaka 1893 au baadaye, hata mwenyewe akiapa kwamba ni ya babu wa babu yake. Neno TOWER halithibitishi mengi, kwani wafanyi biashara waliligonga hata kwenye bunduki hafifu. Na kasiba inayong'aa mno isimfurahishe mtu: mchanga umekula chuma, na alama zimekwenda nacho.

Aliyerithi gobori aende kituo cha polisi kuuliza habari ya cheti. Gobori lenyewe alilache nyumbani, polisi waje walione lilipo.