Kulinganisha sauti ya honi ya Kifaransa

Kulinganisha sauti ya honi ya Kifaransa ni kurekebisha urefu wa mirija ya ala hiyo ili noti zake zipatane na za ala nyingine. Honi ni ala ya kupuliza ya jamii ya tarumbeta. Mrija wa honi ya F ukinyooshwa hufikia takriban mita 3.7.

Mirija ya kuvuta

Honi ina mrija mkuu wa kuvuta, na kila vali ina mrija wake mdogo. Mrija ukivutwa nje, njia ya hewa hurefuka na sauti hushuka. Ukisukumwa ndani, sauti hupanda. Vali ya kwanza hushusha sauti kwa toni moja, ya pili kwa nusu toni, na ya tatu kwa toni moja na nusu.

Hatua

Ala hupulizwa kwanza kwa dakika kadhaa hadi ipate joto. Kisha hupigwa noti isiyohitaji vali, mkono wa kulia ukiwa mahali pake ndani ya mdomo mpana wa honi, kwa sababu mkono huo nao hubadilisha sauti. Noti hiyo hulinganishwa na ya kinanda, na mrija mkuu hurekebishwa. Mirija ya vali hufuata, mmoja baada ya mwingine. Vali hubonyezwa kabla ya kuvuta mrija wake ili hewa isinaswe ndani.

Noti mbili zinazokaribiana bila kulingana husikika zikidunda: Hz 440 na Hz 437 hudunda mara 3 kwa sekunde. Mdundo ukikoma, zimelingana.

Athari ya baridi

Kaskazini mwa Tanzania, matarumbeta hutumika katika ibada za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), na kanuni hizi huyahusu pia. Mji wa Karatu uko kwenye kimo cha takriban mita 1,500, na ukingo wa kreta ya Ngorongoro takriban mita 2,300. Kwa tofauti hiyo ya kimo, hewa ya ukingoni kwa kawaida huwa na baridi zaidi kwa nyuzi 5 hivi za Selsiasi.

Kinachoshusha sauti huko ni baridi, si wepesi wa hewa. Mwendo wa sauti ni takriban mita 346 kwa sekunde hewa ikiwa na nyuzi 25, na mita 337 ikiwa na nyuzi 10. Kama hewa yote ndani ya honi ingepoa kiasi hicho, noti zingeshuka karibu robo toni.

Kwa hiyo mpigaji anayesukuma mirija yote ndani wakati honi ingali baridi hupata ulinganifu wa muda mfupi tu. Pumzi ikishaipasha joto, sauti yake hupanda kupita ya kinanda cha umeme, ambacho hakibadiliki, na mirija hulazimika kuvutwa tena.