Kwa nini boti ya zamani inasita ukiipa mafuta?

Kama umewahi kuendesha gari la zamani lenye kabureta, hii unaijua: unakanyaga mafuta, gari linanyamaza kidogo kama linajifikiria, halafu ndiyo linaruka. Mafundi wetu wanasema gari "linamisi".

Majira ya joto yaliyopita nilikutana na tabia hiyo hiyo ziwani, huku Michigan ninakosoma. Mzee ninayepanga kwake ana boti ya mwaka 1987, zile za kuvuta watu wanaoteleza juu ya maji kwa skii. Injini yake ni V8 ya petroli, lita 5.8, ndugu wa zile zilizofungwa kwenye magari, ila hii imekaa katikati ya boti, chini ya boksi. Mjukuu anashika kamba, mzee anasukuma mkono wa mafuta, injini inakohoa, boti inasita, kijana anazama hadi kidevuni. Fundi mmoja alishauri kabureta nzima itupwe. Mzee akaniuliza, "Wewe si unasomea injini? Niambie kwanza ina nini."

Hewa ina haraka, petroli haina

Ili petroli iungue vizuri, kila gramu moja inahitaji takriban gramu 14.7 za hewa. Ndani ya kabureta kuna vibati vinavyofunguka na kufunga njia ya hewa. Mafundi huviita vipepeo. Ukisukuma mkono wa mafuta ghafla, vipepeo vinafunguka na hewa inaingia papo hapo. Petroli ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inachelewa. Isitoshe, shinikizo ndani ya manifoldi linapopanda, sehemu ya petroli iliyokuwa mvuke inarudi kuwa matone na kunata kwenye kuta. Kwa muda mfupi silinda zinapata hewa nyingi na mafuta kiduchu. Hapo ndipo injini inaposita.

Waliobuni kabureta walilijua hilo. Wakaweka pampu ndogo yenye kiwambo cha mpira. Ukisukuma mkono wa mafuta, kiwambo kinabanwa na kurusha petroli kidogo moja kwa moja kwenye njia ya hewa, kuziba lile pengo. Kiwambo kikikauka au kikipasuka, pengo linabaki wazi.

Kwa nini boti inaumia zaidi ya gari

Gari likiwa zito kuondoka, unarudisha gia. Boti hii haina gia ya kurudisha. Injini inazungusha pangaboi kwa uwiano ule ule kuanzia kuondoka hadi mwendo wa kasi. Nguvu inayohitajika kuzungusha pangaboi hupanda takriban kwa kipeo cha tatu cha mizunguko: ongeza mizunguko mara 2, unahitaji nguvu karibu mara 8. Ndiyo maana boti inaweza kunguruma vizuri ikiwa haijaingizwa gia, halafu ikasita mara tu inapopewa mzigo. Ukiipima imefungwa gatini bila mzigo, itakudanganya.

Uliza "lini" kabla ya "nini"

Hili ndilo somo nililolipenda kuliko yote. Usianze kununua vipuri. Angalia kwanza injini inasita wakati gani.

Ikisita palepale unapoongeza mafuta, kisha ikakaa sawa, shuku ile pampu ndogo, au moto wa plagi.

Ikiondoka vizuri, ikakimbia kwa nguvu kwa muda, halafu ikafifia, tatizo ni mafuta kufika. Kabureta ina kibakuli chenye akiba ndogo. Akiba ikiisha na mpya haiji, injini inakufa njaa. Kagua filta, pampu ya mafuta, na tundu la kupumulia la tenki. Kagua pia maji. Petroli nyingi inayouzwa Marekani ina takriban asilimia 10 ya ethanoli, na ethanoli hupenda maji. Boti ikilala msimu mzima wa baridi, maji yakizidi, hushikana na ethanoli na kuzama chini ya tenki, pale pale bomba linapofyonzea.

Na moto wa plagi je? Injini ikizunguka mara 600 kwa dakika, mzunguko mmoja unachukua milisekunde 100. Ikifika 3,000, ni milisekunde 20 tu. Mwako hauwezi kuharakishwa kiasi hicho, kwa hiyo cheche lazima iwahi zaidi. Kwenye distributa za zamani kazi hiyo hufanywa na vyuma vidogo vyenye springi. Vikishika kutu, cheche inachelewa na injini inakuwa nzito. Taa ya kupimia taimingi itakuonyesha kama cheche inawahi mizunguko inapopanda.

Kumbe harufu ilikuwa jibu

Ya mzee ilisita palepale. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, tulifungua boksi, tukaondoa kizuia moto kilicho juu ya kabureta, tukasukuma mkono wa mafuta huku tukichungulia ndani. Pampu nzima hurusha michirizi imara mara moja. Hii ilitema tone, ikakaa, ikatema jingine.

Halafu nikapitisha kidole chini ya kabureta. Kikatoka na petroli.

Hapo tuliacha kuzungumzia skii. Kwenye gari, petroli ikivuja inadondoka chini barabarani na upepo unapita. Kwenye boti inadondokea ngama, lile bonde la chini ambako maji hujikusanya. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo unatuama humo, ukisubiri cheche moja ya stata. Ndiyo maana boti hizi zina feni ya kutoa mvuke, inayowashwa angalau dakika 4 kabla ya kuwasha injini. Na ndiyo maana usifunge stata au alteneta ya gari kwenye boti hata kama matundu ya bolti yanalingana: za boti zimezibwa ili cheche isitoke nje.

Kiwambo kilikuwa kimepasuka ukingoni. Kipya hakikufika dola 20. Tulikibadilisha, tukakausha ngama, tukawasha feni, tukanusa, ndipo tukawasha injini. Haikusita tena.

Mzee alikuwa amevumilia ile harufu tangu mwezi Mei. Alisema boti za zamani zote zinanukia hivyo. Hapana. Ukisikia harufu ya petroli ndani ya boti, usiwashe kitu chochote mpaka ujue inatoka wapi.