Tembea hadi ziwani, ila usitie mguu majini

Je, msomaji, ukishuka kwenye gari la moshi Kisumu, wewe huwa unakimbilia boda boda? Jaribu miguu. Ziwa Victoria li karibu na stesheni, kwani reli iliyofika hapa mwaka wa 1901 ililenga bandari. Mwendo wa haraka wa dakika 30, siku tano kwa wiki, hupunguza hatari ya maradhi ya moyo na kisukari. Vaa kofia, jua la huko ni kali.

Ufuoni, furahia mandhari lakini usivue viatu. Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi kwa dakika chache tu. Iwapo uliingia majini, mwone daktari akupime baada ya wiki 6 hadi 8, hata kama huna dalili. Kichocho kina dawa.